Programu Huria za Picha: Ushauri kwa Wapiga Picha wa Busia na Tororo

Swali huja kwa sura nyingi, lakini mzizi wake ni mmoja. Mwenye studio jirani na kituo cha mpakani Busia anauliza atumie nini badala ya Photoshop aliyowekewa na fundi kwa flashi. Kijana anayepiga harusi kati ya Tororo na Malaba anataka kujua kama GIMP inafaa kwa kazi ya kulipwa. Na tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, wameongezeka wanaouliza: laptopu yangu haiikubali Windows 11, nifanyeje?

Wengi huanza kwa kuuliza programu ipi ni bora. Anza kwingine. Chukua karatasi uandike kazi tatu zinazokuingizia pesa nyingi kuliko nyingine, kisha itafutie kila kazi programu yake. Ukifanya hivyo utakuta unahitaji programu mbili au tatu tu, na zote zipo huria.

Kwanza, leseni

Programu nyingi husemwa ni za bure, lakini bure yenyewe ina masharti. IrfanView na XnView MP, kwa mfano, ni bure kwa matumizi ya nyumbani. Studio inayotoza wateja inapaswa kulipia. Programu zote ninazozipendekeza hapa chini kwa kuhariri na kupanga picha zina leseni huria inayokuruhusu:

- kuzitumia kwa biashara bila kumlipa mtu;
- kuziweka kwenye kompyuta moja au ishirini;
- kumnakilia mwenzako kwa flashi.

Hilo la tatu lina uzito wake mpakani kwetu. Uganda ilianza na kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku mwaka 2018, kisha Julai 2021 ikaiondoa na kuweka ushuru wa asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Kupakua programu ya mamia ya megabaiti kuna gharama. Basi wapiga picha watano wachange bando, mmoja apakue, wengine wanakili. Ni halali pande zote mbili za mpaka. Ukipakua ukiwa karibu na mpaka, iwekee simu mtandao kwa mkono, isije ikajihamishia kwenye mnara wa nchi ya pili na kukukata salio.

Programu zilizovunjwa kufuli ni jambo jingine. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 na ile ya Uganda ya 2006 zote zinazilinda programu za kompyuta. Ila hatari iliyo karibu zaidi nawe ni kirusi. Fundi anapokuambia uzime kinga ya virusi ili "kraki" ikubali, amekuomba uuache mlango wazi kwenye kompyuta yenye picha za watoto wa watu na namba za vitambulisho vyao.

Picha za paspoti na vitambulisho: GIMP

Kama kazi yako kubwa ni hii, GIMP inatosha, na pengine hutahitaji nyingine. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Marekani, na toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025. Chukua toleo la 3, kwa sababu ndani yake unaweza kurudi na kurekebisha vichujio ulivyokwisha kuweka, na faili za PSD hufunguka vizuri kuliko zamani.

Mfano wa picha ya milimita 35 kwa 45:

1. Kata picha kwa uwiano wa 35:45, kichwa kikiwa katikati.
2. Ipunguze hadi pikseli 413 kwa 531, ukiweka 300 kwa inchi.
3. Fungua ukurasa mpya wa pikseli 1772 kwa 1181, ambao ndio karatasi ya sentimita 15 kwa 10.
4. Panga picha nane: nne juu, nne chini. Zinaenea, na nafasi ya mkasi inabaki.
5. Uhifadhi ukurasa huo kama kiolezo, ili mteja wa kesho usimpangie upya.
6. Unapochapa, iambie printa itumie ukubwa halisi. Ukiacha ijaze karatasi yenyewe, picha zitakua kwa milimita mbili tatu na mteja atarudishwa dirishani.

Pima chapa ya kwanza kwa rula. Studio nyingi hazipimi.

Usidhani pia kwamba kila ofisi inataka kipimo kimoja. Muulize mteja picha inakwenda wapi, na ikiwezekana akuonyeshe maelekezo. Picha ya kidijitali ya viza ya Marekani, kwa mfano, ni ya mraba, kati ya pikseli 600 na 1200 kila upande, faili ya JPEG isiyozidi kilobaiti 240, na hawakubali sura iliyorekebishwa. Katika GIMP, unapotoa JPEG, washa onyesho la awali uone ukubwa wa faili ukibadilika unaposogeza ubora, usimame pale panapotakiwa.

Nyuma nyeupe je? Kuna tovuti zinazoondoa mandhari ya nyuma kwa sekunde chache, na najua zinavyovutia foleni ikiwa ndefu. Ziache. Uso wa mteja wako unakwenda kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Kenya na Uganda zote zilitunga sheria ya ulinzi wa data binafsi mwaka 2019, na si maandishi tu: mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Nunua kitambaa cheupe kizito, kinyooshe, msimamishe mteja mbali nacho kama mita moja ili kivuli kisianguke juu yake. Hapo hutahitaji kuondoa chochote.

Harusi, utambulisho na mahafali: darktable au RawTherapee

Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu hujaribu kuhariri picha mia sita moja moja ndani ya GIMP. Haikukusudiwa hivyo. Kazi ya picha nyingi inataka programu ya kusafisha faili ghafi za kamera, zile RAW, na programu huria zinazoongoza ni mbili.

Uchague ipi? Tazama kompyuta yako:

- RAM ya gigabaiti 4 na mashine ya miaka mingi: RawTherapee.
- Gigabaiti 8 au zaidi, na nafasi ya kutosha kwenye diski: darktable.
- Windows ya biti 32: hakuna itakayokufaa vizuri, soma sehemu ya Linux hapa chini.

RawTherapee, iliyofanywa huria mwaka 2010, ni rahisi kuanza nayo kwa aliyezoea kusogeza vitelezi vya mwangaza na rangi. darktable, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2009, inachelewa kueleweka, lakini ina uwezo mkubwa wa kurekebisha sehemu moja ya picha bila kugusa nyingine, pamoja na ukurasa wa kuchambua picha kwa nyota. Kwa mpiga harusi mwenye mashine nzuri, mimi nasema darktable, na ajipe mwezi mzima wa kuizoea.

Sababu yangu ni hema. Anayepiga sherehe huku anajua taabu yake: bibi harusi ameketi chini ya turubai la buluu, jua la saa saba linapenya, na ngozi zote zinatoka na rangi ya buluu huku gauni jeupe likiungua kwa mwanga. Ukirekebisha picha nzima, uwanja ulio nje ya hema unageuka wa chungwa. Katika darktable unafanya hivi:

1. Punguza mwanga kamera ikiwa bado mkononi. Gauni lililoungua kabisa halirudishwi na programu yoyote.
2. Sahihisha rangi ya picha nzima kwa kuangalia kitu cheupe au cha kijivu kilicho ndani ya hema.
3. Chora eneo la nje ya hema, ulipe rangi yake peke yake.
4. Tumia moduli iitwayo "tone equalizer" kuinua mwanga wa nyuso bila kugusa gauni.
5. Nakili marekebisho hayo uyabandike kwenye picha zote zilizopigwa mahali hapo, saa hiyo.

Hatua ya tano ndiyo inayookoa usiku wako. Panga picha kwa mahali: kanisani, hemani, keki, jioni. Hariri moja ya kila kundi, bandika kwa zilizobaki, kisha pitia zile zisizokaa sawa.

Na neno kuhusu ngozi. Kuinua mwanga wa uso mweusi uliozama kivulini ni haki ya mteja. Kuupausha hadi mama yake asimtambue ni kumkosea heshima, hata kama jirani yako wa studio anauza hivyo. Linganisha shingo, mikono na uso; vikipishana rangi, umezidisha.

Programu zote mbili haziigusi picha ya asili. Huandika marekebisho kwenye faili ndogo kando yake, yenye mwisho wa .xmp kwa darktable au .pp3 kwa RawTherapee. Ukihamisha picha ukaziacha faili hizo, umeiacha kazi yako nyuma.

Kama kamera yako ni Canon ya miaka ya karibuni yenye faili za CR3, hakikisha umechukua toleo jipya. Matoleo ya zamani hayazifungui, na watu huilaumu kamera bure.

Je, unahitaji digiKam?

Pengine huhitaji. digiKam ni ya kupanga na kutafuta: inatambua nyuso, inaweka lebo, inakutafutia picha zote za mtu mmoja kwa miaka mitano. Ukiwa na hazina kubwa, au wateja wanaorudi kuomba picha za zamani, iweke, na kumbukumbu zake zikae kwenye diski ya ndani ya kompyuta, zisikae kwenye flashi.

Anayeanza atatosheka na mafolda yenye majina ya maana: 2026-01-17_harusi_Malaba. Mwaka mbele, mwezi, siku, kisha tukio. Kompyuta itayapanga yenyewe. Mkiwa wapiga picha wawili, mmoja wa Kenya na mmoja wa Uganda, saa zenu ni za ukanda mmoja. Linganisheni tu dakika kabla ya sherehe ili picha zifuatane kwa mpangilio wa tukio.

Vijitabu vya mazishi, kadi na mabango

Kazi hii huja kwa haraka, familia ikiwa na majonzi, na makosa yake hayasameheki kirahisi. Kwa kijitabu tumia Scribus. Kwa kadi na bango, Inkscape. Zingatia haya:

- Kurasa za kijitabu kilichokunjwa ziwe nne, nane, kumi na mbili. Idadi isiyogawanyika kwa nne itakuachia ukurasa mtupu.
- Omba picha ya karatasi ya marehemu badala ya ile iliyozungushwa WhatsApp. Ipitishe kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi, kisha futa mikwaruzo ndani ya GIMP.
- Mpe mchapaji PDF, usimpe faili ya Scribus. Muulize kabla kama anataka rangi za CMYK. Scribus inaweza kuzitoa.
- Jina, tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki visomwe na mtu wa familia kwenye karatasi, kabla ya kuchapa nakala mia mbili.

Maabara za kuosha picha za kawaida kwa kawaida huchukua JPEG ya rangi za sRGB. Kwa hiyo anayekuambia GIMP haifai kwa sababu ya CMYK anazungumzia kazi ya matbaa, na kwa picha za harusi neno hilo halikuhusu.

Unayepiga kwa simu

Weka Open Camera: ni huria, haina matangazo, nayo inakupa udhibiti wa mwanga na umakini kwa mkono. Kumpa mteja picha bila kula bando, tumia LocalSend mkiwa kwenye Wi-Fi moja. Ikibidi WhatsApp, itume kama hati. Ukiituma kama picha inabanwa, na mteja atakulaumu wewe.

Najua utasema

*"Nina violezo vya albamu vya PSD nilivyonunua Nasser Road, Kampala."* Pingamizi hili lina nguvu. GIMP hufungua PSD, lakini maandishi na madoido mengine huweza kupotea au kugeuka picha tupu. Vijaribu vyote kabla ya kuhama. Kama riziki yako iko hapo, lipia leseni halali kwenye mashine moja, nyingine ziwe huria.

*"Mteja ataniona wa chini."* Mteja huona chapa mkononi mwake. Sijui harusi ambayo mama wa bwana aliuliza jina la programu.

*"Vidole vyangu vimeizoea Photoshop."* Kweli, na utakuwa mzito majuma ya kwanza. GIMP inakuruhusu kubadili vitufe vya mkato vifanane na ulivyozoea. Fanya hivyo siku ya kwanza.

*"Zina uwezo sawa na za kulipia?"* Kwa kupaka, kukata, rangi na mwanga, ndiyo. Kwa kuondoa chembechembe za picha za usiku kwa akili bandia, na kuchagua mtu kwa mguso mmoja, za kulipia ziko mbele. Ukipiga sana usiku, lipime hilo kwa makini.

*"Nani atanifundisha?"* Pakua vitabu vya maelekezo mara moja, usome bila intaneti. Vya GIMP na darktable vipo bure.

Laptopu iliyokwama Windows 10

GIMP, darktable, RawTherapee na digiKam zote hufanya kazi kwenye Linux, na kwa mashine nzee ya biti 64 napendekeza Linux Mint toleo la Xfce. Fuata utaratibu huu bila kuruka hatua:

1. Nakili picha zote kwenye diski ya nje. Hakikisha zinafunguka.
2. Weka Linux Mint kwenye flashi, uwashe kompyuta kupitia flashi hiyo bila kusakinisha.
3. Jaribu printa yako. Hili ndilo jaribio linaloamua. Chapa picha ya rangi kwenye karatasi ileile ya kila siku.
4. Printa ikikubali, sakinisha. Ikikataa, iache mashine ya kuchapia kama ilivyo bila intaneti, uhamishe ya kuhariria tu.

Programu zinazokuja na Linux mara nyingi ni za toleo la nyuma; chukua darktable na GIMP kwa njia ya Flatpak upate mpya.

Makosa yanayorudiwa

- Kupakua popote. Oktoba 2022 tangazo la uongo kwenye Google lilijifanya ni la GIMP na kuwapa watu kirusi kinachoiba nywila. Andika anwani mwenyewe: gimp.org, darktable.org, rawtherapee.com, digikam.org.
- Kumtumia mteja faili ya XCF. Hiyo ni ya GIMP peke yake. Kumpa mteja JPEG, tumia amri ya "Export".
- Kuhariri moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kamera. Nakili kwanza.
- Kuhamisha mafolda nje ya darktable. Itayatafuta ilikoyazoea na kukuonyesha mafuvu badala ya picha. Hamisha ukiwa ndani yake.
- Kuweka toleo jipya Ijumaa wakati harusi ni Jumamosi. darktable ikishaboresha hifadhidata yake, toleo la zamani haliwezi kuisoma tena.
- Kufuta kadi kabla ya kuwa na nakala mbili.

Ikiwa kadi imeshafutwa au imegoma, usipige hata picha moja zaidi kwayo. Itoe, chukua PhotoRec kutoka cgsecurity.org, nayo ni huria, na uziokolee picha kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi hiyohiyo. Picha ambazo hazijaandikwa juu yake mara nyingi hurudi, ingawa majina ya faili hupotea.

Anza hivi

Chukua kazi moja ya juma lililopita uliyokwisha kuikabidhi na kulipwa. Ifanye upya kwa programu mpya, uchape, uweke chapa mbili kando kwa kando kwenye mwanga wa mchana. Tofauti utakayoiona ndiyo itakayokuambia kama uhame sasa au ujifunze zaidi.

Na kama mwaka huu una fedha ya kununulia kitu kimoja tu cha studio, usiipeleke kwenye leseni. Nunua diski ya pili ya nje, uitunze katika nyumba tofauti na studio.